Kondoo wa Ujerumani, Mjukuu wa Gongo la Mboto

Siku kanisa lilipotuaga kwa kustaafu umisionari, mie na mume wangu tulipangiwa dakika tano za kusema neno. Kwaya ya kwanza iliimba, kwaya ya pili ikaona haiwezi kushindwa, wazee wakaleta salamu na salamu za waliotuma salamu, na zamu yetu ilipofika mwenyekiti alitazama saa akasema, "Mama Baraka, tupungie tu mkono." Nikapunga. Basi haya ndiyo ambayo mkono haukuweza kuyasema. Nawaandikia nyie mnaotumwa sasa, mume na mke ambao mvi zimeshaingia, mkaambiwa kwamba kwa kuwa watoto wamekua hakuna tena kinachowashika nyumbani. Aliyewaambia hivyo hana wajukuu.

Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa virefu na havikupunguza baridi. Posho nayo naiacha ilipo.

Mie ni mkunga. Nilizalisha wanawake wa Temeke mpaka serikali iliponiambia nimechoka. Mume wangu, Mwalimu Elikana, alifundisha hesabu shule za msingi, na mpaka leo anaongea na kila mtu kama aliyekosea kugawanya. Sie ni watu wa Masasi, lakini Dar imeshatumeza. Tuna watoto wawili. Baraka anatoa mizigo ya watu bandarini, ofisi yake iko Kurasini na nyumba yake Mbezi Luis, na kati ya hapo na hapo humpati. Tumaini, kitinda mimba wetu, ni fundi cherehani Gongo la Mboto. Ameolewa na Shabani, fundi wa majokofu, kijana Mzaramo mpole kuliko walokole wengi ninaowajua. Ndoa ilifungwa bomani. Kanisani ndoa hiyo iliitwa "lile suala", na wapo waliosema kwamba tulipelekwa mbali ili lile suala lipumue.

Kutumwa kwenyewe kulikuwa hivi. Kanisa la Ujerumani, ambalo zamani lilituletea wamisionari, lilikuwa limeishiwa waumini, likaandika kuomba watu wa kulitia moyo. Wachungaji vijana wote wa Dar walisikia wito siku hiyohiyo. Kamati ikaogopa, maana vijana wawili walioitwa huko nyuma kwa semina ya wiki mbili bado wako kwenye semina. Katibu wa misheni, mtu wa suti na sauti, ndiye aliyetoa jibu. "Tupeleke wazee," alisema. "Wazee hawatoroki."

Ndugu walifurahi kuliko sie. Kila aliyekuja kutuaga alikuja na uzi uliopimwa mguu wake, umefungwa fundo mwisho, ili tujue saizi ya kiatu. Mwalimu aliwaeleza kwamba tunakwenda kuhubiri. Wakasema wanaelewa, na wakamwomba asichanganye nyuzi.

Tulifikia mji mdogo kaskazini mwa Ujerumani. Kanisa lilikuwa la mawe, kubwa la kutosha kuingiza mtaa mzima wa Mbagala, na Jumapili ya kwanza tulikuta wazee wachache waliokaa mbalimbali, kila mmoja na benchi lake, kama watu wanaosubiri mabasi tofauti. Mchungaji wao alihudumia makanisa manne na kila mara alionekana anatoka. Mwenyeji wetu halisi alikuwa Bibi Ilse, mjane aliyetunza funguo za kanisa, mwembamba, mwenye umri wa kuwa mama yangu na mwendo wa kuniacha nyuma. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alininunulia koti zito, akanionyesha jinsi ya kutembea kwenye barafu kwa hatua fupi kama bata, na akanionya kwamba huko mtu hatembelewi hivihivi. Hupigiwa simu kwanza, mkakubaliana siku, na siku ikifika ufike saa ileile, si kabla, si baada.

Sikumsikiliza. Mtu aliyekulia uswahilini ataombaje ruhusa ya kusalimia? Jumanne moja nikaenda kubisha hodi kwa bibi mmoja wa benchi la tatu. Alifungua mlango kidogo, uso umempauka.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hajafa mtu. Nimekuja kukusalimu."

"Kwa nini?"

Sikuwa na jibu la Kijerumani. Nikirudi njiani nikagundua kwamba hata la Kiswahili sikuwa nalo.

Mwalimu naye alikuwa na yake. Kwa Wajerumani neno la baraka na neno la msumeno yanakaribiana, na kwa miezi ya mwanzo, kila ibada ilipokwisha, mume wangu aliinua mikono juu akawatakia waumini msumeno wa Bwana uwakalie wao na nyumba zao. Wote waliitikia amina. Nilipomuuliza Bibi Ilse kwa nini hawakumsahihisha, alisema walidhani ndivyo tunavyobariki Afrika.

Kazi ilianza kweli alipofiwa Mzee Brandt. Mkewe alizikwa asubuhi, waombolezaji walitosha gari moja, na kabla ya mchana kila mtu alikuwa amesharudi kwake. Tulikaa nyumbani, Mwalimu akawa anazunguka meza. "Mama Baraka," alisema, "huyu mtu yuko peke yake. Siku ya kuzika!" Tukachukua birika letu na mkate tukaenda, bila kupiga simu. Mzee Brandt akauliza tunataka nini. Tukasema hatutaki kitu, tumekuja kukaa. Akatutazama kama watu waliokuja kusoma mita ya umeme. Tukakaa. Kesho yake tukarudi, hatukusema neno la maana, tukakaa. Siku ya tatu tulikuta ameshapanga vikombe vitatu mezani, na amenyoa ndevu. Siku hiyo ndiyo alilia.

Habari ikazagaa mjini kwamba kuna Waafrika wawili wanaokuja kukaa. Wakaanza kutuita. Wengine hawakuwa wamefiwa, walikuwa wapweke tu, lakini walitafuta namna ya kufanana na wafiwa. Jumapili mabenchi yakaanza kusogeleana. Tuliandika taarifa ya jambo hilo kwenda Dar, na Katibu aliiboresha kidogo kabla ya kuisoma kwa washarika. Ilipofika masikioni mwa watu wa Temeke, Mzee Brandt alikuwa ameshakuwa umati.

Sasa nije kwenye likizo, maana ndiyo niliyokaa kitako kuiandikia.

Mkataba ulisema mwezi mmoja kila mwaka, kwa ajili ya kuonana na familia. Likizo ya kwanza tulipotua, Katibu alikuwa uwanja wa ndege na kwaya, na mfukoni ana ratiba. Alikuwa ametupangia kutoa ushuhuda Temeke, Tandika, Kinondoni, Mbagala, na sharika nyingine ambazo hata Mwalimu hakujua ziko upande gani wa jiji. Nikauliza familia iko wapi kwenye ratiba. "Mama," alisema Katibu kwa upole mkubwa, "sisi sote ni familia." Watu wa kamati husema hivyo wanapotaka kukutumia bila kukuuliza.

Tulipopata jioni moja tukaenda Mbezi Luis kwa Baraka, tuwaone wajukuu wawili wa kiume. Tulikuta geti la chuma lenye kitundu. Jicho likatokea kitunduni, likafuatiwa na sauti ya dada wa kazi.

"Nyie akina nani?"

"Ni babu na bibi," alisema Mwalimu.

"Mmeongea na bosi? Ana habari kwamba mnakuja?"

Baraka akatoka mbio, anacheka na kuona haya. "Shikamoo maza, shikamoo mzee. Jamani, si mngenishtua kabla! Leo nina kikao cha kamati ya harusi ya mshikaji, mimi ndo mweka hazina, hapa nilikuwa natoka." Wajukuu wakaamkia, wakauliza kama tumekuja na viatu vinavyowaka taa, wakarudi kwenye katuni. Mwalimu aliniegemea sikioni akanong'ona, "Tumekwenda Ulaya kumbe Ulaya nayo imekuja huku."

Tumaini hatukwenda kwake, alikuja yeye. Ilikuwa kanisani Temeke, tukitoa ushuhuda. Mwaka ule alikuwa ameharibikiwa na mimba ya miezi mitano, mimba yake ya kwanza. Habari zilinifikia kwa simu wakati nikiwa kwenye mazoezi ya igizo la Krismasi, nimevaa mabawa ya malaika. Nilitoka nje kwenye theluji nikaongea naye, tukaomba pamoja, kisha mtandao ukakatika, na ndani wakawa wananiita kwa sababu malaika alikuwa anasubiriwa. Baadaye nilipiga tena na tena. Kila mara alisema, "Nipo, mama. Naendelea vizuri."

Basi siku ile Temeke nilisimama nikaeleza habari za Mzee Brandt. Nilieleza vizuri, nisidanganye, kwa kuwa nilikuwa nimeshaieleza mara nyingi na nilijua watu wanalia wapi. Nilipofika kwenye vikombe vitatu, kanisa zima likapiga vigelegele. Ndipo nikamwona Tumaini, amekaa benchi la nyuma karibu na mlango, kanga imemfunika mabega, hapigi vigelegele.

Ibada ilipokwisha alinisubiri nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hukuja mbele?"

"Nilikuwa nasikiliza." Akanitengeneza kola ya gauni kama mtu anayemtengeneza mteja. "Ushuhuda mzuri. Huyo mzee ana bahati sana, mama. Siku tatu!" Akaondoka kabla Katibu hajaja kunichukua kwenda kwenye chakula cha wageni.

Sikula. Mwalimu alikula vya watu wawili, kisha usiku akasema tumbo linamuuma. Mie namjua, halikuwa tumbo.

Mwaka wa pili ulikuwa mwaka wa kontena, nao nitaupitia haraka kwa sababu bado unanichekesha na kunitia hasira. Waumini wa kule, kwa moyo mweupe kabisa, walikusanya misaada kwa ajili ya Dar es Salaam. Nilijaribu kuwaeleza hali ya hewa. Walitikisa vichwa, wakaleta makofia ya manyoya, mablanketi mazito, na viatu vya kutelezea kwenye theluji, vile vigumu kama ndoo. Baraka ndiye aliyelitoa kontena bandarini, akanipigia simu akiwa ndani yake. "Maza, hivi vitu ni vya kuvaa au ni vipuri?" Hata hivyo Katibu alifanya ibada ya shukrani, akapigwa picha amevaa kofia ya manyoya mwezi wa pili, jasho linamtiririka, anatabasamu. Viatu viligawiwa kwa mafundi ujenzi wa Chanika. Nasikia havijaisha mpaka leo, wala misumari haipiti.

Ndipo Tumaini akapata mimba nyingine. Safari hii aliniambia Shabani, si yeye. Nilihesabu kwa vidole kama nilivyohesabia wengine, nikaona mtoto atakuja wiki ya Pasaka au karibu yake. Likizo ya mwaka ule ilikuwa imeshaliwa na mikutano ya ushuhuda. Nikaomba ruhusa ya dharura.

Ombi la mkunga kwenda kumwona mwanawe akijifungua lilijadiliwa na kamati mbili katika mabara mawili. Wajerumani walisema hawana pingamizi iwapo Dar itakubali. Dar ilisema haina pingamizi iwapo Wajerumani wataliomba wao. Kila upande ulimsubiri mwenzake kwa heshima kubwa. Isitoshe, Pasaka hiyo askofu wao alikuwa anakuja kuona kanisa lililofufuka, na Katibu alinipigia simu kunikumbusha kwamba mkono wa Waafrika ukikosekana, ibada itapwaya. Akaongeza, "Halafu Mama, kwa lile suala lenyewe lilivyo, tusilipe uzito mno."

Nikampigia Tumaini kumweleza kwamba nasubiri kikao.

"Mama, usije," alisema. Nilisikia cherehani yake ikiendelea nyuma ya maneno. "Mama mkwe yupo. Nimeshazoea."

Niliyaeleza haya yote kwa Bibi Ilse tukiwa tunafuta vumbi kwenye mabenchi. Nilieleza habari za kamati, mkataba, askofu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja kitambaa chake.

"Kwa Brandt," aliuliza, "nani alikuita?"

"Hakuna."

"Na mtoto wako unataka akuite?"

Kisha akaendelea kufuta vumbi. Mie nilikwenda nyumbani nikamkuta Mwalimu anaandaa hotuba ya Pasaka, kalamu nyekundu mkononi, anajisahihisha mwenyewe. Nikamwambia nakwenda. Hakuuliza kikao kimesemaje. Alisema, "Mie nitabaki niwabariki, hawawezi kukosa wote wawili. Ila nipikie kitu cha kugandisha kabla hujaondoka." Nikapika maharage ya kujaza friji, nikaondoka. Kamati zote mbili nilizijulisha nikiwa uwanja wa ndege, na zote mbili zilijibu kwamba suala linashughulikiwa.

Nilifika Gongo la Mboto Ijumaa Kuu mchana. Mlango ulifunguliwa na mama yake Shabani, Bi Mwanaidi, mwanamke mnene wa heshima, mtu wa Kisarawe, ambaye tulikuwa tumeonana mara moja tu bomani na kuviziana kama majirani wenye ugomvi wa mpaka.

"Karibu mkwe wangu," alisema. "Pole na safari. Mwanao huyo hapo, mwangalie kwa macho yako. Mie nimeshasema nimechoka."

Tumaini alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Akaniamkia. Akataka kuinuka akaniletee chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye sahani yake. Nilimtazama uso, nikatazama vidole. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye nyama.

"Kichwa kinakuuma?"

"Kidogo tu. Joto."

"Macho je?"

"Naona vitu kama vimulimuli. Vinapita tu, mama."

"Tangu juzi," alisema Bi Mwanaidi. "Namwambia twende hospitali, ananiambia mama yangu ni mkunga, nitamuuliza akipiga. Na wewe mkwe ukipiga, unapiga una haraka, unakwenda kwenye ibada. Mtoto anaona haya kukuchelewesha."

Nyie wenzangu, nimeshaona kifafa cha mimba kikimkamata mwanamke akiwa katikati ya kucheka. Sikunywa chai. Sanduku langu lilibaki mlangoni na vibandiko vyake vya ndege. Shabani alikuwa kwa mteja Ukonga, akaja na gari la jirani, tukampakia Tumaini katikati yetu, mie mkono mmoja, Bi Mwanaidi mkono mwingine, na njia nzima mama yule alisoma dua na mie nikaomba sala zangu, na hakuna aliyemkatisha mwenzake.

Hospitali walimpokea upesi. Presha ilikuwa juu sana. Walimtundikia dawa ya kuzuia degedege, wakaanza kuishusha presha polepole, wakawa wanamwangalia yeye na mtoto saa baada ya saa. Nilitaka kuingia nao. Muuguzi, binti mdogo mwenye nywele zilizosukwa vizuri, alinishika bega akasema, "Mama yangu, najua. Lakini leo wewe ni ndugu. Kaa hapo nje." Maneno hayo nimewaambia akina mama wangapi! Nikakaa kwenye benchi kama nilivyokuwa nikiwakalisha wenzangu.

Tulikaa hapo Jumamosi nzima kwa zamu za kwenda kuoga tu. Bi Mwanaidi alinipa uji kwenye kikombe cha plastiki, tukashea kikombe kimoja. Alinieleza mambo ambayo sikuyajua. Kwamba mimba ile ya kwanza ilipoharibika, alilala chumba kimoja na Tumaini mpaka akaanza kula. Kwamba mwanangu huimba nyimbo zetu za Masasi akishona, na yeye sasa anazijua zote, ila za Yesu anaguna tu. Nikamwambia asante. Akasema, "Asante ya nini? Mwanao ni mwanangu. Wewe ulikuwa kazini."

Jumapili asubuhi madaktari wakaamua wasingoje zaidi, wakampeleka kumpasua. Na asubuhi hiyohiyo, kumbe, Katibu alikuwa ameshapata habari kwamba nipo nchini. Alikwenda Gongo la Mboto na wazee wawili na mama wa kwaya, wanichukue nikatoe neno la Pasaka. Walimkuta Bi Mwanaidi, aliyekuwa amerudi kuchukua kanga safi. Haya niliyasikia kwa Shabani, aliyekuwapo, na aliyasimulia akiwa amejishika mbavu.

"Tumemfuata Mmisionari," alisema Katibu.

"Hayupo. Yuko kazini."

"Kazini? Leo Pasaka! Kazi gani hiyo?"

"Anakaa kwenye benchi."

"Mama, washarika wanamsubiri. Atuletee ushuhuda wa Ulaya."

"Baba, karibu uje Jumapili ijayo," alisema Bi Mwanaidi, akizikunja kanga zake kifuani. "Huo ushuhuda wenu haumwagiki, utaukuta. Wa huku ukipita umepita." Kisha, kwa kuwa ni mstaarabu, akawauliza kama watakunywa chai, nao kwa kuwa ni wazee wa kanisa wakanywa, wakala na maandazi yote.

Mtoto alitoka hai. Wa kike, mdogo, mwenye kelele za kumzidi. Tumaini alikaa siku kadhaa bado anaangaliwa, presha ikashuka kwa kusuasua. Alipoweza kuongea vizuri aliniomba nimkande miguu. Nilimkanda. Nilipomaliza wa pili akasema,

"Mama, kumbe ulikuja kabla ya kikao."

"Kikao bado kinaendelea," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu tulicheka kitu kimoja.

Mtoto akaitwa Salama. Jina lilitolewa na Bi Mwanaidi, na Mwalimu kule aliko akakubali kwa sharti kwamba aambiwe ni la Biblia. Nilikaa mpaka arobaini. Nilimwogesha, nilimkanda mamaye kwa maji ya moto, nilipika mtori na Bi Mwanaidi akausahihisha. Katibu alileta barua ya onyo pamoja na kanga ya pongezi, katika bahasha moja.

Mkataba ulikuwa umebaki mwaka na ushee. Nilitaka kuuvunja. Aliyenikataza ni Tumaini. "Nenda ukamalize, mama. Sitaki kuja kusikia kwamba kondoo wa Ujerumani walipotea kwa ajili yangu. Ila ukirudi, urudi kweli."

Nikarudi kumalizia. Mwalimu nilimkuta amekonda na maharage yote yameisha, na amejifunza kukaanga mayai, jambo lililoshinda juhudi zangu zote za ndoa. Likizo iliyofuata nilimwandikia Katibu kwamba hatutoi ushuhuda hata mmoja, na kama akija na kwaya uwanja wa ndege tutapitia mlango wa mizigo. Akajibu kwamba kwa bahati mbaya hali ya bajeti haikuruhusu likizo mwaka huo. Basi Salama akakulia kwenye simu. Kila siku jioni ya Dar, Tumaini alimweka mbele ya kioo, nami nikamwimbia, nikamfichia uso kwa kiganja na kuutoa, akanionyesha jino, kisha meno, kisha namna anavyosimama. Aliniita Bibi. Alibusu kioo kikawa hakionyeshi kitu.

Siku tuliporudi moja kwa moja, Katibu na wazee walitusindikiza mpaka Gongo la Mboto, kwa sababu walitaka angalau dua na picha. Sebule ikajaa. Salama alisimama katikati ya magoti ya Bi Mwanaidi, ana gauni la njano aliloshonewa na mama yake. Nikapiga magoti nikamnyooshea mikono.

"Salama, ni Bibi."

Alinitazama kuanzia usoni mpaka miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana miguu yangu hakuwahi kuiona. Midomo ikaanza kutetemeka. Akajificha kwenye kanga ya Bi Mwanaidi akalia kilio cha kuomba msaada. Mwalimu akajaribu, akaharibu zaidi, kwa sababu alimsalimia kwa sauti ya mimbarani. Katibu akashauri tuombe.

Salama alipotulia alichomoka, akaenda mezani akachukua simu ya mama yake. Akaileta mpaka nilipo, akanisukumia mkononi kwa hasira kidogo. "Bibi," alisema, akionyesha kioo cheusi kwa kidole. "Bibi!"

Tumaini akaanza kumweleza kwamba Bibi ndiye huyu. Nikamwambia amwache. Nikamrudishia Salama simu ile, nikainuka nikawapita wazee wote waliokwisha kufumba macho, nikaingia chumba cha ndani, nikarudisha mlango, nikatoa simu yangu nikampigia kwa video.

Ikapokelewa. Uso wa Salama ukajaa kwenye kioo, machozi bado mbichi, na papo hapo ukafunguka. "Bibi!"

"Naam, Bibi nipo. Salama yuko wapi?"

"Apa!"

Nikaanza kumwimbia ule wimbo wetu wa kila jioni. Naye akaimba kwa namna yake, na nilimsikia mara mbili, simuni na nyuma ya ukuta. Nikiimba nikafungua mlango taratibu. Nikapiga hatua moja koridoni, nikasimama, nikaimba ubeti mwingine. Sebuleni Katibu alikuwa ameshafika kwenye maombi ya mataifa. Nikasogea mpaka penye pazia, simu bado iko mbele ya uso wangu, nikalisogeza pazia kwa bega.

Salama akaacha kuimba. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akatazama tena kioo. Kisha akaiweka simu sakafuni, kwa uangalifu, kama alivyofundishwa, akaja.